Kadi Iliyokula Chumvi

Nyevu aliingia na sanduku kifuani
kama aliyebeba keki ya arusi,
joka la kijani likitema moto juu ya karatasi.
"Fundi, nimeipata! Mia nane na sitini.
Ile kuukuu ya mia tano na sitini, kaa nayo."

Miezi saba alikuwa akidunduliza:
arusi za Shela, maulidi ya Muyeye,
mahafali ya chekechea kule Barani
ambako mwalimu mkuu alilipa nusu, na nusu ahadi.

Nikachukua bisibisi.
Si kwa kushuku. Ni mazoea ya mkono
kutaka kuona tumbo la kitu kabla ya kukisifu.
Skrubu nne. Feni ya kung'aa, taa zinazobadili rangi.
Chini ya feni, bamba la kupoza. Chini ya bamba, mafuta mazito.
Nikapangusa kwa pamba na spiriti,
nikamulika kwa simu.

Nikanyamaza.
Nikashusha ile ya zamani kutoka rafuni,
nikaivua nayo, nikaipangusa,
nikaziweka mbili juu ya gazeti
kama samaki wa fungu moja.

Aliona kabla sijasema.
Herufi zile zile, kutoka ile ya kwanza
hadi tarakimu ya mwisho, ubongo ule ule.
Ya zamani imekula chumvi,
pini zake zimeota ukungu wa kijani
kwa miaka minne ya upepo wa hapa Malindi.
Ile nyingine inameta.
Lakini ni ajuza yule yule:
katiwa wanja, kapakwa hina,
karudishwa kwa washenga kama mwali.

Akapiga simu Mombasa, akafungua spika.
"Dada, mimi nauza kilichoandikwa juu ya sanduku."
Na aliyemuuzia yeye? Naye aliuza kilichoandikwa.
Na huko kiwandani, nani alisema uongo?
Mtu mmoja tu alifuta tano, akaandika nane,
akaenda kunywa chai.

Nilitaka kumwambia kibaya chajitembeza.
Ulimi ukagoma,
maana macho yake yalikuwa yamepanda mlangoni,
kwenye kibao changu, ambako chini ya "Kitsao Dijitali"
jua limeanza kufichua "Kitsao Simu",
na chini ya Simu, ukisogea karibu, "Redio".
Meza ni ile ile.
Bisibisi ile ile. Kitsao ni mimi.

"Mimi," akasema, na hakuwa akinisema mimi,
"Nyevu ni jina la nyanya yangu, mzaa baba.
Nilipozaliwa wakaniteremshia.
Jina la kale, mtu mpya.
Lakini kijiji kizima kilijua. Yeye mwenyewe alijua,
akinifokea: wewe Nyevu, usinichafulie jina.
Hawa wamefanya kinyume, na tena gizani."

Tukaijaribu, hata hivyo. Pesa ilishaondoka.
Arusi ya Ijumaa, video ya saa mbili,
bi arusi ameshatuma ujumbe mara tano.
Mstari ukatambaa kwenye skrini. Kumi na moja kwa mia.
Kumi na mbili.
Nikaenda kununua mahamri, nikarudi.
Thelathini na nne, ukakwama,
pale pale ulipokuwa ukikwama tangu Januari,
mama mkwe kanyanyua mkono
na vigelegele vimemganda mdomoni.

Nyevu akacheka, kicheko kikavu kisicho na mate.
Akaomba kalamu ya wino mzito.
Juu ya feni, kwa mwandiko wa kadi za mwaliko,
akaandika polepole: mia tano na sitini.

Nikanyosha mkono nipokee kalamu.
Hakunipa.
Alikuwa amesimama kizingitini,
kifuniko kati ya meno,
akipima kwa jicho urefu wa kibao changu.